Kukadiria uwezekano wa kuishi baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana: mwongozo kamili

Swali la ndugu huja mapema, mara nyingi kabla mgonjwa hajatolewa mpira wa mkojo: atapona? Ana miaka mingapi mbele yake? Kwa siku zile za mwanzo jibu la haki ni kwamba bado, kwa sababu karatasi yenye jibu haijatoka maabara. Mpasuaji ameona uvimbe kwa macho, lakini hajaona tezi limfu chini ya hadubini, na hizo ndizo zenye uzito.

Mwongozo huu ni wa daktari, afisa tabibu au muuguzi anayetakiwa kutoa makadirio, na wa ndugu mwenye ripoti mkononi anayetaka kujua namba zinatoka wapi. Unahusu utumbo mpana peke yake. Saratani ya puru ina hesabu zake, kwa kuwa wengi hupewa mionzi kabla ya upasuaji, na mionzi hubadilisha kile mtaalamu wa patholojia anachokiona.

Amua kwanza unakadiria nini

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anasoma "asilimia 85" bila kuuliza ni asilimia 85 ya nini. Kuna vipimo vinne vinavyochanganywa kila siku. Uhai wa jumla huhesabu kila kifo, kiwe cha saratani, moyo au ajali. Uhai mahususi wa saratani huhesabu vifo vya ugonjwa huu tu. Uhai linganifu hulinganisha wagonjwa na watu wa umri na jinsia kama yao wasio na saratani. Muda wa kuishi bila ugonjwa huhesabu kifo au saratani kurudi, kipi kinatangulia. Huyu aliyerudiwa na ugonjwa huhesabiwa kuwa "tukio" hata kama bado anatembea.

Tofauti hizi si za kitaaluma tu. Mzee wa miaka 82 mwenye moyo dhaifu na saratani ya hatua ya I anaweza kuwa na uhai mahususi zaidi ya asilimia 90, na bado uwezekano wake wa kufika miaka 5 ukawa mdogo mno kuliko huo. Ukimpa namba ya kwanza unamdanganya bila kukusudia. Andika juu ya karatasi: kipimo gani, na kwa muda gani. Kisha endelea.

Tenganisha siku 90 za kwanza

Adui wa kwanza baada ya upasuaji ni upasuaji wenyewe. Mshono uliounganisha utumbo unaweza kuvuja, mara nyingi karibu na siku ya tano hadi ya saba. Mapafu yanaweza kupata nimonia. Damu inaweza kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Hatari hizi hutegemea umri, afya ya moyo na mapafu, lishe, daraja la ASA (alama ya afya ya jumla kabla ya upasuaji) alilopewa na mtaalamu wa usingizi, na zaidi ya yote kama upasuaji ulipangwa au ulikuwa wa dharura. Aliyefika utumbo umeziba au umetoboka yuko kwenye kundi jingine kabisa.

Tumia siku 90, si 30. Mgonjwa aliyepata uvujaji wa mshono anaweza kukaa chumba cha wagonjwa mahututi wiki tano kisha akafariki. Kwa kipimo cha siku 30 huyo anaonekana amefaulu.

Makadirio haya usiyachanganye na ya miaka 5. Yapo mawili, na yanaelezwa kwa nyakati mbili.

Soma ripoti ya patholojia neno kwa neno

Chukua ripoti mbili za mfano. Ya mgonjwa A inasema pT4b N0, tezi 0 kati ya 8 zina saratani, na utumbo wake ulikuwa umeziba. Ya mgonjwa B inasema pT2 N1a, tezi 1 kati ya 21. Kwa jina la hatua, A yuko hatua ya II na B hatua ya III. Ndugu wa A wanashukuru, wa B wanalia. Ni kinyume.

Anza na T, yaani kina ambacho uvimbe umefika ukutani; "p" mbele yake ina maana ni matokeo ya patholojia. T1 ni saratani iliyofika tabaka lililo chini ya utando wa ndani. T2 imeingia kwenye misuli ya ukuta. T3 imepita misuli hadi kwenye mafuta ya nje. T4a imetoboa utando unaofunika utumbo kwa nje. T4b imeingia au kunasa kiungo cha jirani. Angalia kwamba sentimita hazimo. Uvimbe wa sentimita 7 unaweza kuwa T2, na wa sentimita 2 ukawa T4a. Ndugu wakiuliza "ulikuwa mkubwa kiasi gani?", elekeza swali kwenye kina.

N ni idadi ya tezi limfu zenye saratani: N1a ni moja, N1b ni mbili au tatu, N2a ni nne hadi sita, N2b ni saba au zaidi. N1c ndiyo inayorukwa: hakuna tezi yenye saratani, lakini kuna vinundu vya saratani ndani ya mafuta, nje ya tezi. Msomaji wa haraka huona "0/15" akaandika N0. Vinundu hivyo vinampeleka mgonjwa hatua ya III, na hata pale tezi zina saratani, kuwepo kwake hushusha matarajio.

Halafu M, yaani saratani iliyosambaa mbali. M1a ni kiungo kimoja cha mbali, M1b ni viwili au zaidi, M1c ni utando wa tumbo. Hii haitoki kwenye kipande kilichokatwa bali kwenye CT ya kifua, tumbo na nyonga. Kama CT ya kifua haikufanywa, andika kwamba mapafu hayajakaguliwa; usiandike M0.

Sasa rudi kwenye namba ya pili ya tezi, ile 8 katika 0/8: tezi ngapi zilikaguliwa? Kiwango kinachokubalika ni angalau 12. Chini ya hapo, N0 ni dhana zaidi kuliko ukweli, kwa kuwa tezi yenye saratani inaweza kuwa imebaki kwenye mafuta ambayo hayakuchambuliwa, au kubaki tumboni kwa sababu mpasuaji alikata kipande kifupi. Hatua ya kuchukua ni moja na ina muda wake: piga simu maabara uombe kipande kirudiwe kuchambuliwa kabla hakijatupwa. Tezi nyingi za utumbo mpana ni ndogo sana, hupatikana kwa vidole vyenye subira ndani ya mafuta. Mara nyingi 8 huwa 14, na mara nyingine katika zile sita mpya moja ina saratani.

Baada ya hapo ndipo uunganishe hatua. Kwa toleo la 8 la mfumo wa TNM, linalotumika tangu 2018: hatua ya I ni T1 au T2 bila tezi; IIA ni T3N0, IIB ni T4aN0, IIC ni T4bN0. IIIA ni T1 au T2 yenye N1, au T1 yenye N2a. IIIC ni T4a yenye N2a, T3 au T4a yenye N2b, na T4b yoyote yenye tezi. Mchanganyiko mwingine wowote wenye tezi bila M1 ni IIIB.

Namba za kuanzia zinapatikana kwenye rejista za saratani. Uchambuzi maarufu wa rejista ya Marekani ya SEER, wa wagonjwa waliogunduliwa 1991 hadi 2000, ulitoa uhai mahususi wa miaka 5 hivi: hatua ya I asilimia 93.2, IIA 84.7, IIB 72.2, IIIA 83.4, IIIB 64.1, IIIC 44.3 na IV 8.1. Ulitumia toleo la 6, ambalo IIB yake ilibeba T4 zote bila tezi. Tazama IIB na IIIA. A wetu angeanzia 72, B angeanzia 83.

Kwa nini hatua ya II imzidi ya III kwa ubaya? Sehemu ni ugonjwa wenyewe, maana T4 ina tabia mbaya ya kumwaga seli tumboni. Sehemu ni tezi chache zilizokaguliwa, kwa hiyo baadhi ya "hatua ya II" ni hatua ya III isiyogunduliwa. Na sehemu ni matibabu: wa hatua ya III hupewa kemotherapi kwa kawaida, wa II mara nyingi hawapewi. Namba za miaka ile ni za zamani, na matibabu yamesonga mbele. Zitumie kujua nani yuko juu ya nani, si kumtajia mgonjwa wa leo.

Rekebisha ndani ya hatua

Hatua inakupa mlango, si chumba. Katika hatua ya II, vitu vinavyoshusha matarajio vinajulikana: T4, tezi chini ya 12, saratani ndani ya mishipa ya damu au ya limfu, saratani inayofuata mishipa ya fahamu, seli za daraja baya, utumbo kuziba au kutoboka, na kingo za kipande zenye saratani au zilizo karibu nayo mno. Kuna pia vichipukizi, yaani vikundi vya seli moja hadi nne vilivyojitenga kwenye ukingo wa uvimbe. Huhesabiwa kwenye eneo la milimita za mraba 0.785: 0 hadi 4 ni Bd1, 5 hadi 9 ni Bd2, 10 na zaidi ni Bd3.

Usiongeze adhabu kwa kila kimoja kana kwamba ni faini za barabarani. Vitu hivi hutembea pamoja. Uvimbe wa T4 wenye vichipukizi vingi na saratani mishipani ni uvimbe mmoja mkali uliopimwa mara tatu.

Kipimo ambacho hakipaswi kukosekana ni cha protini nne za kurekebisha makosa ya DNA: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Hata moja ikikosekana, saratani ni ya aina ya dMMR, takriban asilimia 15 ya saratani zote za utumbo mpana. Katika hatua ya II aina hii hurudi mara chache zaidi, na kemotherapi ya 5-FU peke yake haiwasaidii wagonjwa hao. Hapa kuna mtego: dMMR mara nyingi huonekana mbaya chini ya hadubini, seli zake zikiwa za daraja baya. Daraja hilo lisihesabiwe dhidi ya mgonjwa. Asiyesubiri matokeo ya protini humshusha mtu aliyetakiwa kumpandisha.

Kukosekana kwa protini hizi kunaweza pia kuwa dalili ya Lynch, ugonjwa wa kurithi unaowahusu ndugu wa damu. Kama iliyokosekana ni MLH1, mabadiliko ya jeni ya BRAF yaitwayo V600E huelekeza kwamba si ya kurithi. BRAF hiyohiyo, kwa mgonjwa ambaye saratani yake imesambaa na si dMMR, ni habari mbaya sana.

CEA ya damu, protini ambayo saratani hii huweza kuipandisha, ichukuliwe kabla ya upasuaji. Ikiwa juu ya nanogramu 5 kwa mililita, matarajio hushuka ndani ya hatua ileile. Wavutaji sigara huwa na CEA ya juu kidogo bila sababu ya saratani. Kama haikuchukuliwa kabla, fursa imepita. CEA ya baadaye hujibu swali jingine.

Weka matibabu kwenye hesabu

Majaribio hutoa faida kama uwiano wa hatari, na wengi huukosea. Tuseme bila kemotherapi wagonjwa 60 kati ya 100 wangekuwa hai baada ya miaka 5, na dawa inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 30, yaani uwiano ni 0.7. Usichukue asilimia 30 ya 60 ukajumlisha upate 78. Kanuni ni kupandisha uhai wa msingi kwa kipeo cha uwiano: 0.60 kwa kipeo cha 0.7 ni 0.70. Kati ya watu 100, 60 wangeishi hata bila dawa, 10 wameokolewa na dawa, 30 wanafariki licha ya dawa. Uwiano huohuo kwa mwenye msingi wa 90 unatoa 93. Dawa ni ileile, sumu ni ileile, lakini waliookolewa ni 3.

Ndiyo maana kwa hatua ya II mjadala haujawahi kuisha. Jaribio la QUASAR la 2007, lenye wagonjwa 3,239, wengi wao wa hatua ya II, lilionyesha faida ya takriban asilimia 3.6 ya kuishi. Kwa hatua ya III picha ni wazi zaidi: katika jaribio la MOSAIC, kuongeza dawa ya oxaliplatin kuliinua uhai wa miaka 6 kutoka asilimia 68.7 hadi 72.9. Kisha utafiti wa IDEA wa 2018 ukagawa hatua ya III mara mbili kwa kulinganisha miezi 3 na 6 ya dawa. Kwa T1 hadi T3 yenye N1, waliokuwa hai bila ugonjwa miaka 3 baadaye walikuwa asilimia 83.1 na 83.3. Kwa T4 au N2 walikuwa 62.7 na 64.4. Mgawanyo huo ni mzuri kwa makadirio hata kama hujali mjadala wa miezi.

Muda wa kuanza una uzito. Lengo ni ndani ya wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji; muhtasari wa tafiti uliochapishwa 2011 ulihusisha kila wiki 4 za kuchelewa na ongezeko la hatari ya kifo la asilimia 14 hivi. Hapa ndipo mshono uliovuja unapodai deni la pili, kwa kuwa mgonjwa mwenye jeraha wazi hawezi kuanza dawa.

Na mazoezi yamo kwenye hesabu sasa. Jaribio la CHALLENGE, lililochapishwa 2025, liliwafuata watu 889 waliomaliza kemotherapi. Waliopewa programu ya mazoezi yenye msimamizi kwa miaka 3 walikuwa hai bila ugonjwa kwa asilimia 80.3 baada ya miaka 5, dhidi ya 73.9 ya waliopewa vijitabu vya afya tu.

Ukitumia kikokotoo

Zipo nomogramu (michoro ya kukadiria kwa pointi) na vikokotoo vya mtandaoni vinavyopokea umri, T, idadi ya tezi, CEA na mengineyo. Kabla ya kuamini kimoja, uliza mambo matatu. Kilijengwa na wagonjwa wa miaka gani na walitibiwaje? Kinakadiria kipimo kipi kati ya vile vinne? Na kimejaribiwa kwa wagonjwa wasiohusika kukijenga?

Utaona namba iitwayo C: 0.5 ni sawa na kurusha sarafu, 1 ni ukamilifu. C nzuri inaonyesha tu kwamba kikokotoo kinawapanga wagonjwa sawasawa, anayefariki mapema akipewa hatari kubwa kuliko anayechelewa. Haionyeshi kwamba asilimia zenyewe ni za kweli. Kikokotoo kinaweza kupanga vizuri huku kikimpa kila mtu pointi 10 za ziada. Njia ya kukikagua ni kuchukua wagonjwa wako waliopewa "asilimia 70", na kuhesabu wangapi kweli walifika.

Kwa hesabu hiyo unahitaji tarehe ya upasuaji, tarehe ya mwisho mgonjwa alipoonekana, na hali yake siku hiyo. Mbinu ya Kaplan na Meier ya 1958 inatosha, hata kwa penseli. Wagonjwa 20 wanaanza; mwezi wa 8 mmoja anafariki, 19 kwa 20 ni 0.95. Mwezi wa 12 wawili wanapotea kwenye ufuatiliaji, wanabaki 17. Mwezi wa 15 mmoja anafariki: 16 kwa 17, zidisha kwa 0.95, unapata 0.89. Waliopotea wanahesabiwa hadi siku walipoonekana, basi. Ukiwahesabu wote kuwa hai, mchoro unapendeza kwa uongo. Na ukiwafuta kabisa, unaharibika upande mwingine. Hatari zaidi ni pale wanaopotea ndio waliozidiwa, kwa sababu hapo hakuna kanuni itakayokuokoa isipokuwa kupiga simu.

Saratani iliyokwishasambaa

Usitumie jedwali moja la hatua ya IV. Mgonjwa mwenye vinundu viwili vya ini vinavyoweza kukatwa hana safari moja na mwenye saratani iliyotapakaa kwenye utando wa tumbo. Kwa wa ini, alama za Fong za 1999 bado zinafaa kama mwanzo, pointi moja kwa kila kimoja: tezi za uvimbe wa mwanzo zilikuwa na saratani, ini liliathirika ndani ya miezi 12, kinundu ni zaidi ya kimoja, kikubwa kinazidi sentimita 5, CEA inazidi 200. Kwa wasioweza kukatwa, angalia jeni za RAS na BRAF, hali ya dMMR, na upande: saratani ya kulia ya utumbo ina matarajio mabaya kuliko ya kushoto.

Hapa zungumza kwa miezi ya kati, yaani muda ambao nusu ya wagonjwa wanakuwa wameufikia, kisha ifungue. Takriban mmoja kati ya 10 hufariki kabla ya robo ya muda huo, takriban nusu ya wagonjwa wote huangukia kati ya nusu na mara mbili yake, na mmoja kati ya 10 huishi mara tatu yake au zaidi. Miezi 24 ya kati, basi, inamaanisha mwaka mmoja hadi minne kwa takriban nusu ya wagonjwa, na miaka 6 au zaidi kwa wachache.

Rudia hesabu kwa tarehe

Makadirio ya siku ya ripoti huchakaa. Kurudi kwingi kwa saratani hii hutokea ndani ya miaka 3 ya kwanza, kwa hiyo aliyevuka muda huo hana hatari ileile. Gawanya: kama walio hai mwaka wa 2 ni 87 na mwaka wa 5 ni 70, basi aliyefika mwaka wa 2 ana 70 kwa 87, yaani asilimia 80, ya kufika mwaka wa 5. Faida hii huonekana zaidi kwa IIIC kuliko kwa hatua ya I, ambaye hakuwa na mengi ya kuvuka.

Rudia kwanza wiki ya 4 hadi ya 6. CEA iliyokuwa juu inapaswa kuwa imerudi kawaida; isiporudi, tafuta ugonjwa uliobaki kabla ya kugusa namba. Palipo na uwezo wa kupima DNA ya saratani inayoelea kwenye damu, wakati wake ni huohuo. Jaribio la DYNAMIC la 2022 lilipima wiki ya 4 na ya 7 kwa wagonjwa 455 wa hatua ya II. Katika kundi lililoongozwa na kipimo, waliopewa kemotherapi walikuwa asilimia 15, dhidi ya 28 ya kundi la utaratibu wa kawaida, na waliokuwa bila ugonjwa miaka 2 baadaye walikuwa 93.5 dhidi ya 92.4. Ikipatikana DNA hiyo baada ya upasuaji, inashinda karibu kila kitu kingine kwenye ripoti. Isipopatikana, hatari imepungua lakini haijaisha.

Rudia tena kemotherapi ikimalizika, kisha mwaka wa 1, wa 3 na wa 5, sambamba na CEA, CT na kolonoskopi za ufuatiliaji.

Kumwambia mgonjwa

Uliza kwanza anataka kujua kiasi gani. Wengine wanataka asilimia, wengine wanataka tu kujua kama wapange mwaka huu au miaka kumi. Kisha tumia watu badala ya asilimia: "Tukichukua watu 100 wenye ripoti kama yako, takriban 65 hadi 75 wako hai baada ya miaka 5." Toa masafa, si namba moja, 71.4 inatoa picha ya uhakika ambao haupo. Taja waliobaki pia, maana anayesikia upande mmoja tu hujaza mwingine mwenyewe, na hujaza vibaya.

Faili la mgonjwa A lingesomeka hivi: "pT4b N0 (0/8), utumbo uliziba, dMMR inasubiriwa. Tezi zimeombwa kurudiwa. Kipimo: uhai mahususi, miaka 5. Masafa 60 hadi 75, imani ndogo kwa sababu ya idadi ya tezi. Kurudiwa dMMR ikitoka, na tena wiki ya 6 baada ya CEA." Tia tarehe na sahihi, ili atakayefuata ajue namba ilisimama juu ya nini.